Gunia, Ubao na Makalio Yaliyokuwa Likizo

Kwa vijana wa kikundi chetu hapa mtaani Landless, Thika,

Naomba msamaha mapema kwa mwandiko. Msidhani ni uzee. Mkono unatetemeka, ndiyo, lakini mwandiko ulikuwa mbaya hivi hivi hata nilipokuwa kijana wa miaka kumi na minane. Niliacha shule darasa la nne, kabla mwalimu hajafika mahali pa kutueleza nukta inakaa wapi. Kwa hiyo mkikuta nukta mahali pasipo pake, isukumeni mbele kidogo muendelee na safari. Tahajia nayo isahihisheni kimyakimya, kama wanavyofanya watu wenye adabu. Na naandika polepole. Ukurasa huu wa kwanza umenichukua kutoka chai ya saa nne hadi chakula cha mchana. Mjukuu wangu Wanjiku aliniambia, "Guka, wewe ongea tu, simu itaandika." Nikamwambia simu haina haya. Mambo ninayotaka kusema yanahitaji mtu mwenye haya ayaseme, la sivyo yatakuwa matusi.

Mlituomba sisi wazee tuandike juu ya kazi tulizofanya ujanani ili mpate hekima. Wenzangu walikuwa walimu na mafundi wa reli, nao watawapa hekima ya kichwa na mikono. Mimi nilikuwa hamali. Nilibeba magunia ya kahawa. Hekima ya hamali iko mahali pamoja tu, na mahali penyewe ni hapo mnapokalia mkisoma barua hii.

Nitasema makalio. Kwenye kiwanda cha kahawa tulikuwa na neno fupi zaidi, nanyi mnalijua, lakini nasikia barua hizi zitasomwa kanisani baada ya matangazo.

Wanjiku anaishi Mwiki. Kazi yake ni ya kompyuta, anakaa kutoka asubuhi hadi jioni, na kila Jumamosi anaenda kwa mwalimu wa yoga huko Ruiru mjini. Analala kwenye mkeka wa mpira wa rangi ya zambarau, anainua nyonga, anashusha nyonga, muziki wa maji yanayotiririka ukipigwa. "Guka, inaimarisha nyonga na makalio," alinieleza taratibu, kama mtu anayemweleza mtoto habari za mwezi. Nikamshukuru kwa kunifungua macho. Mimi nilijifunza mambo hayo hayo Thika, miaka ya hamsini, juu ya magunia matupu yenye viroboto, nyapara akichungulia kwenye tundu la bati. Lakini sikuwa na mkeka wa zambarau, kwa hiyo huenda haikuhesabika.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kahawa ililetwa na malori kutoka mashamba ya Ruiru na ya huku kwetu, ikashushwa, ikapimwa, ikaingizwa ghalani. Ghala lilikuwa refu kama kanisa, tena lilijaa kuliko kanisa: magunia safu juu ya safu hadi karibu na mabati. Njia ya kwenda juu ilikuwa ubao mmoja, upana wake kama futi, umeegemezwa kwenye mlundo. Wenzako wawili wanakuwekea gunia begani, unapanda ubao, unalitua juu, unashuka upande wa pili, unarudi kwa lingine. Gunia lilikuwa na uzito wa mwanamume mzima aliyekwisha kula. Ubao ulikuwa ukicheza chini ya miguu. Kiwanda kilituheshimu sana. Hakikuwahi kutusumbua kwa mashine ya kupandishia.

Aliyenifundisha alikuwa Mutua, Mkamba mwenye shingo pana kuliko kichwa. Masomo yake yalikwisha kabla uji haujapoa. "Nguvu ya mwanamume iko mgongoni," alisema. "Kaza mshipi, kunja mgongo, kimbia." Kila hamali alikuwa na mshipi mpana wa ngozi wenye kifungo kikubwa cha chuma mbele, na aliyekaza zaidi ndiye aliyeheshimiwa zaidi. Tulikaza hadi tukaongea kwa sauti nyembamba. Mutua mwenyewe kila asubuhi alitoka kitandani kwa kujiviringisha hadi sakafuni, kisha akaupanda ukuta kwa mikono mpaka akasimama. Haikunijia akilini kuuliza kwa nini mwalimu wa mgongo hana mgongo.

Sasa, mimi nilikuwa na haya. Leo mtu akiwa na haya mnampeleka kwa mshauri. Sisi tulimpa jina. Mimi niliitwa Bibi Arusi. Mwanamke mmoja akinisalimu niliweza kujibu, wakiwa wawili niliangalia viatu vyangu, na viatu sikuwa navyo. Na kiwanda kile kilikuwa na wanawake tele waliochagua kahawa, wamekaa karibu na mlango wa ghala, mikono ikienda upesi na midomo upesi zaidi.

Siku moja wakaanza wimbo juu ya hamali mmoja anayepanda ubao kama kobe anayekwenda kuposa. Hawakutaja jina. Mtu mwenye haya hana jibu la mdomo, kwa hiyo niliwajibu kwa mgongo. Nikakaza mshipi, nikajikunja kama ndoana, nikaupanda ubao mbio. Nilipofika katikati kitu kililia chini ya mshipi, sauti ya kijiti kikavu. Gunia likaenda njia yake na mimi yangu. Gunia halikuumia.

Nyapara wetu aliitwa Gathuku. Alivaa koti refu la jeshi katika jua la Thika na kutembea na fimbo. Kitu kizito kuliko ile fimbo sikuwahi kumwona akibeba. Akaja akasimama juu yangu.

"Bibi Arusi, umelala?"

"Nimeumia, nyapara."

"Umeumia wapi?"

"Mgongo."

"Sasa hamali bila mgongo ni nini? Ni mgeni. Na hapa hatuna nyumba ya wageni."

Lakini alikuwa na huruma yake. Alinipa ufagio. Nifagie ghala hadi mwisho wa mwezi, na siku ya mwisho nipande ubao na gunia hadi juu mbele ya macho yake. Nikishindwa, kadi yangu ya kazi anaipeleka ofisini.

Hapa lazima niwaeleze, maana ninyi mnaenda Ruiru na kurudi bila kuulizwa na mtu isipokuwa mama zenu. Siku zile zilikuwa za Imajensi, ile hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni. Mkikuyu alitembea na pasi. Bila kazi hakuna kadi, bila kadi hakuna pasi, na bila pasi kulikuwa na lori la serikali la kukurudisha rizavu, eneo tulilotengewa Wakikuyu, nauli bure, askari wawili wa kukusindikiza ili usipotee njia. Mama yangu alikuwa akichuma kahawa katika shamba moja Ruiru, kifua kinamsumbua, na mimi ndiye niliyempelekea unga na dawa kila Jumapili ya pili, kwa ruhusa yenye muhuri. Hakuwa na mtu mwingine. Nikipakiwa kwenye lori la kwenda Murang'a, yeye atatoa kigoda nje Jumapili, atakaa akiangalia njia, na hakuna atakayemwambia aache kungoja.

Nikafagia. Nilifagia nikiwa nimeinama upande mmoja, kama mlango uliotoka bawaba.

Karani wa mizani alikuwa Mhindi aliyeitwa Maganbhai. Alikuwa mwembamba kama ufagio wangu, hali nyama, havuti sigara, na umri wake ungeweza kuwa arobaini au sabini. Mahamali tulimcheka kwa sababu alikula chakula chake chini sakafuni ilhali alikuwa na kiti. Jambo moja hatukulicheka kwa sababu hatukuliona, mpaka nilipokuwa na ufagio na muda wa kuangalia: yule mzee aliinuka kutoka sakafuni bila kugusa kitu, bila kushika goti, gilasi ya chai mkononi imejaa, na chai haikumwagika. Mutua, simba wetu, alihitaji ukuta mzima.

Maganbhai akaniona ninaangalia.

"Wewe kijana. Simama na mguu moja."

Nikasimama. Nikaangukia ufagio.

"Mguu ingine."

Nikaangukia mizani.

Akanidunga kwenye kalio kwa ncha ya penseli, kama mpishi anayepima kama kiazi kimeiva. "Hapa iko mtu kubwa," akasema. "Nguvu kushinda yote ya mwili. Lakini yeye iko likizo. Mgongo nabeba gunia, mgongo nabeba wewe, na mgongo nabeba hii bwana mkubwa pia. Yeye nafanya nini? Nakaa."

"Ndiyo kazi yake, karani. Kukaa."

"Hapana. Hiyo kazi ya nyapara."

(Hakusema bwana mkubwa. Nimemtafsiria, kwa ajili ya kanisa.)

Saa ya chakula alinipeleka nyuma ya ghala, kwenye chumba cha magunia matupu, akaniambia nilale chali. Nikamwomba ageuke. Mtu akufundishe kuinua makalio hewani huku anakuangalia, hata kama ni karani, hiyo niliona ni zaidi ya nguvu zangu. Akageukia ukuta bila kucheka, na masomo yote ya wiki ile ya kwanza alinifundisha akiangalia bati, akinisikiliza ninavyopumua. Alijua kosa kwa masikio. "Wewe naziba pumzi. Pumua na pua. Gunia hapana iba hewa yako."

La kwanza liliitwa daraja. Lala chali, kunja magoti, nyayo chini, visigino karibu na makalio kiasi kwamba vidole vya mkono vinavigusa. Kandamiza visigino. Kisha inua nyonga polepole mpaka mwili unyooke kutoka magoti hadi mabega, kaa hapo, pumua mara tano, shuka pole. Mnaona ni rahisi. Mimi pia niliona ni rahisi, nikasukuma tumbo juu kama mama mjamzito, na mgongo ukanichoma hadi machozi.

"Mimi nasema makalio, wewe naleta tumbo," akaliambia bati. "Fikiri punje ya kahawa iko katikati. Bana. Ikianguka, nyapara nakata wewe mshahara."

Hiyo nilielewa. Nikabana punje. Na kwa mara ya kwanza maishani nilihisi nyama za pale zikiamka, zinatetemeka, zinalalamika kama mtu aliyeamshwa kwa maji. Mgongo ukanyamaza. Nililala pale nikiangalia mabati nikawaza kwamba nimetembea na watumishi wawili wenye nguvu tangu kuzaliwa na sikuwahi kuwatuma hata dukani.

La pili lilikuwa nzige. Siku hizo nzige tuliwajua. Walikuja wakala hadi majani ya paa. Unalala kifudifudi, mikono kando ya mwili, paji la uso chini, unainua mguu mmoja kutoka nyongani bila kukunja goti, kisha wa pili, kisha yote miwili ukiweza. Inua kidogo tu. Kijana anayerusha mguu juu anabeba kwa kiuno, na anajidanganya. Ili kulala hivyo ilibidi tuvue mishipi, kwa sababu kile kifungo cha chuma kilituchimba tumbo. Likumbukeni hilo la mishipi. Karibu lituue.

La tatu lilikuwa kiti, na ni kiti kisichokuwepo. Unasimama, unarudisha makalio nyuma kana kwamba unataka kukaa, uzito kwenye visigino, kifua juu, halafu hukai. Unabaki hapo. Ninyi wa bodaboda mnaokaa juu ya pikipiki kutoka saa kumi na mbili asubuhi hadi saa mbili usiku, kisha mnaninung'unikia kwamba kiuno kinauma kwa sababu ya barabara ya Kamenu: barabara haina kosa kubwa. Nyonga zenu zimekaa mpaka zimesahau kusimama. Fanyeni kiti mkingoja abiria. Watawacheka. Mimi nilichekwa na watu wenye bunduki na bado nipo.

Wiki ya pili Mutua alinifuma. Alisimama mlangoni akiniangalia nimeinua nyonga.

"Bibi Arusi, unamngoja bwana gani?"

Nikaona haya mpaka masikioni. Maganbhai akamwambia asimame na mguu mmoja. Mutua, mwalimu wangu, akaanguka juu ya magunia na hakuweza kuinuka kwa sababu hapakuwa na ukuta karibu. Kesho yake alikuja na hamali mwingine aliyeshindwa kufunga kamba za viatu. Tukawa watatu na mwalimu. Kila saa ya chakula: mishipi chini kwenye pembe, viatu nje kwa waliokuwa navyo, mlango umerudishwa, watu watatu wamelala safu moja kimya, wanapumua kwa pua, na Mhindi mmoja anawaambia kwa sauti ndogo, inua, shusha.

Mutua ndiye aliyetuletea mtindo mpya wa ubao. Baada ya kiti siku kumi, alibeba gunia bila kujikunja: miguu imeachana, kifua juu, unakanyaga ubao kwa wayo mzima, si kwa vidole, unasukuma kwa kisigino na kubana punje kila hatua. Polepole. Kama kobe anayekwenda kuposa, kwa kweli. Wale wanawake walikuwa wamesema kweli tangu mwanzo, ila walidhani wananitukana.

Wakati huo Gathuku alikuwa amepata tundu lake kwenye bati.

Fikirini alichoona. Kila mtu siku zile alijua kwamba wanaokula kiapo cha msituni, cha kupigana na Wazungu, kwanza huvua kila kitu cha chuma. Na nyapara wetu, mtu mwerevu, alichungulia akaona mishipi yenye vifungo vya chuma imevuliwa, viatu vimevuliwa, mlango umefungwa, watu wanalala chini na kuinuka pamoja kwa amri, na hakuna anayeongea. Viapo vingi huko nje vilikuwa havina ushahidi mzuri hivyo. Akaenda ofisini akitembea haraka kuliko nilivyowahi kumwona.

Afisa alikuja siku tatu kabla ya mwezi kuisha, Mzungu wa kaptura, uso mwekundu, na askari wawili. Wakatutoa nje hadi uwanja wa kuanikia, mbele ya mlango, mbele ya wanawake wote. Mutua akaanza kusema kabla hajaulizwa, "Mimi Mkamba, effendi. Kiapo cha hawa nitakilaje, kwa mkalimani?" Askari akamwambia anyamaze.

"Nani nalisha hawa kiapo?" afisa akauliza.

Gathuku akamwonyesha Maganbhai kwa fimbo. Maganbhai akaja na penseli yake sikioni.

"Sahib, kiapo hapana. Hii ni mazoezi. Mimi nafundisha yeye makalio."

Yule afisa alimwangalia kutoka miguu hadi penseli. Nadhani katika kazi yake alikuwa ameambiwa uongo wa kila aina, lakini huu ulikuwa mpya.

"Onyesha mimi," akasema, na kidole chake kikaja kwangu.

Sijui ninyi mnaogopa nini. Mimi nilikuwa nikiogopa wanawake wawili. Hapa palikuwa na uwanja mzima, bunduki mbili, nyapara anayetabasamu, na mimi nikiambiwa nilale chini niinue makalio yangu kuelekea mbinguni ili serikali ihakikishe kwamba ninaipenda. Niliangalia lango. Nikamfikiria mama na kigoda chake. Nikalala chali kwenye saruji ya moto, nikavuta visigino, nikabana punje, nikainua.

Hakuna aliyepumua isipokuwa mimi, kwa pua.

Kisha sauti moja ya kike, ya mama mzima wa nyuma kabisa: "Na huyu ameapa nini, kwamba hataketi tena?"

Uwanja mzima ulilipuka kwa kicheko. Askari mmoja aligeuka ili afisa asione uso wake. Mimi nilibaki juu, kwa sababu hakuna aliyeniambia nishuke, na kwa sababu niligundua jambo la ajabu: wakiwa wanacheka vile hakuna aliyekuwa akiogopa, hata mimi.

Afisa hakucheka. Alinizunguka mara moja, akachungulia chini ya daraja langu kana kwamba kuna mtu amejificha, akamuuliza Maganbhai, "Hii nasaidia nini?"

"Nyonga, sahib. Na mgongo ya chini. Mtu nakaa sana, mtu nabeba sana, wote sawa."

"Hm," akasema afisa, na mkono wake ukaenda nyuma ya kiuno chake mwenyewe. Nililiona hilo nikiwa kichwa chini. "Hii si kiapo. Hii ni upumbavu."

Tukawa huru kwa kosa la upumbavu. Lakini Gathuku hakutaka kurudi mikono mitupu. "Kama ni mazoezi, bwana, basi kijana amepona. Apande ubao sasa hivi, bwana aone."

Siku tatu zangu zikafa hapo. Wote wakaingia ghalani, Mutua na mwenzake wakaniwekea gunia, na Mutua akaninong'oneza, "Usikimbie, Bibi Arusi. Bwana harusi atangoja."

Nikapanda. Kisigino, bana, sukuma. Kisigino, bana, sukuma. Nilipofika katikati, pale pale kijiti kilipolia, ubao ukacheza na mwili wangu wote ukataka kujikunja, kwa sababu mwili unakumbuka mwalimu wake wa kwanza. Nikasimama. Chini nilisikia fimbo ya nyapara ikigonga saruji, ko, ko. Nikasikia pia Maganbhai, kwenye mizani yake, akisema kama anayesoma uzito, "Likizo imekwisha."

Nikapumua kwa pua. Nikarudisha nyonga nyuma kidogo, nikawatuma wale watumishi wawili, nao wakaenda. Hatua nane zilizobaki nilizipanda wima kama shemasi. Nikalitua gunia juu ya safu ya mwisho, mahali lilipotakiwa, mshono umeangalia ndani. Nikashuka, nikasimama mbele ya Gathuku nikingoja neno lake.

"Lingine," akasema.

Hilo ndilo kombe nililopewa, vijana. Nikabeba lingine. Nilibeba lingine hadi nilipostaafu. Na Jumapili iliyofuata mama aliketi kwenye kigoda chake, nami nikatokea kwenye njia na unga begani. Akasema, "Mbona unatembea hivyo, kama chifu?" Nikamwambia ni viatu. Nimeshawaambia kwamba sikuwa na viatu.

Yule afisa alirudi wiki iliyofuata, peke yake, saa ya chakula. Alifunga mlango wa ghala mwenyewe. Akavua mshipi wake na bastola, na kwa kukosa mahali pa kuiweka akaiweka juu ya mizani, na Maganbhai kwa mazoea akasoma uzito wake kwa sauti. Kisha, kwenye chumba cha nyuma, mtu aliyekuja kutukamata kwa kuvua vyuma akalala chali juu ya gunia kati yangu na Mutua, bila hata kipande cha chuma mwilini. Alikuwa mgumu kama ubao. Alileta tumbo. Maganbhai alimwambia vile vile alivyoniambia mimi. Nje, Gathuku alilinda mlango ili asiingie mtu, koti lake limefungwa hadi shingoni.

Miaka ilipita. Maganbhai akazeeka kwa kweli, akaamua kwenda kukaa na mwanawe Kisumu. Sanduku lake la bati lilikuwa zito na mimi nililiomba kabla wengine hawajalishika. Nilikuwa nimeandaa neno la asante tangu Jumanne, Ijumaa ndiyo ilikuwa safari. Nikabeba sanduku begani kutoka kiwandani hadi stesheni ya Thika, na yeye akatembea nyuma yangu njia nzima, hasemi kitu. Neno lilifika hadi kooni likakutana na haya yangu, likarudi. Nilipolitua sanduku kwenye behewa nililitua taratibu, kama lina mayai.

Akanidunga kwa penseli, pale pale pa siku ya kwanza. "Sasa nafanya kazi," akasema. Gari moshi likaondoka nikiwa bado nimefungua mdomo.

Basi ndiyo hekima yangu. Sina nyingine. Nami nina ombi: niandikieni. Laleni chali, fanyeni daraja mara tano asubuhi na kiti mara tano jioni kwa mwezi mmoja, kisha mniambie ukweli kama punje ilianguka. Niandikieni kwa mkono, hata vibaya, sitasahihisha, maana siwezi. Mpeni Wanjiku barua zenu akija kunitembelea. Atanisomea, ingawa atacheka mahali pasipo pa kucheka. Na kama kuna mtu aliyewahi kukufundisha jambo na neno likakukwama kooni, barua ya kwanza mwandikie yeye. Mimi nitaingoja ya pili. Kungoja nimezoea, tena siku hizi nangoja nimesimama.